Tusiwasahau Walio Kifungoni

Neno letu leo latoka katika Waraka kwa Waebrania, mlango wa 13, mstari wa 3. Hapo twaagizwa kuwakumbuka wafungwa, si kwa kuwahurumia kutoka mbali, bali kana kwamba minyororo yao iko mikononi mwetu.

Ndugu zetu wa Eritrea walijua neno hili kwa mateso. Mwezi wa Mei 2002 serikali yao ilifunga makanisa yote, isipokuwa ya Orthodox, ya Katoliki na ya Kilutheri. Tangu hapo waumini wengi wa makanisa mengine wametiwa gerezani bila kupelekwa mahakamani. Wengine walifungiwa ndani ya makontena ya chuma, kama yale tuyaonayo yakitoka bandarini Kilindini. Mchana ni tanuri; usiku ni baridi kali.

Patriaki Antonios alikuwa mkuu wa Kanisa la Orthodox, ambalo liliruhusiwa. Angaliweza kunyamaza, maana wengi wa wafungwa hawakuwa wa kundi lake. Lakini aliitaka serikali iwafungue Wakristo, akapinga pia mambo ya kanisa kuingiliwa. Mwaka 2006 aliondolewa katika kiti chake, akazuiliwa nyumbani. Alikufa Februari 2022 akiwa angali kizuizini, mzee wa miaka 94.

Je, sisi? Huenda twasema moyoni, "Hao si Waanglikana." Lakini jino likiuma, mguu nao haulali. Tu mwili mmoja.

Au twasema, "Watu wameomba miaka mingi, na magereza hayajafunguka yote." Tusome Matendo ya Mitume, mlango wa 12. Katika mlango huo mmoja Yakobo anauawa kwa upanga, na Petro anatolewa gerezani na malaika. Kanisa halikuelezwa sababu. Lakini lilipokwisha kumpoteza Yakobo, lilikesha likimwombea Petro. Basi maombi si biashara ya kumlipa Mungu ili tupate tutakalo. Ni kusimama pamoja na ndugu zetu mbele zake.

Tufanye nini? Jumapili hii tuitaje Eritrea kwa jina katika maombi ya ibada, tukiwaombea wafungwa, na walinzi wao, na watawala pia. Wako Waeritrea waliokimbilia Nairobi. Tuwakaribishe kanisani na mezani petu. Na tupatapo nafasi ya kusema na wenye mamlaka, tuseme kweli bila matusi wala chuki.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyefungwa kwa ajili yetu, uwe pamoja na watu wako gerezani usiku huu. Watunze watoto wao. Igeuze mioyo ya wawatesao. Nasi utuondolee usingizi wa kutojali. Amina.