MKONO ULIOZOEA NDIO UOKOAO



Barabara ya Taifa namba 3, itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge, hupita Gitaza ikiwa imebanwa baina ya mlima na Ziwa Tanganyika. Mwezi Machi mwaka 2015 mvua kubwa ilileta maporomoko ya udongo na mawe katika komini ya Muhuta, na barabara hiyo ikakatika. Njia inapofungwa namna hiyo, gari la wagonjwa halipiti. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku huo hana hospitali nyingine ila kituo cha afya kilicho karibu naye, wala hana daktari mwingine ila muuguzi aliyeko zamu.

Tangu mwaka 2006 Serikali ya Burundi iliondoa malipo ya uzazi na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Hatua hiyo iliwafungulia akina mama mlango wa zahanati. Lakini mlango kufunguliwa ni jambo moja, na mikono inayompokea mama huyo ni jambo jingine. Mtoto azaliwaye bila kupumua anatakiwa kusaidiwa ndani ya dakika moja. Akaushwe, asuguliwe mgongo, njia ya hewa isafishwe ikiwa imeziba, na akiwa bado hapumui apewe hewa kwa mfuko na barakoa. Dakika hiyo haina nafasi ya kufungua kitabu.

Je, mikono hiyo itafunzwa wapi? Haifai ijifunzie juu ya mtoto anayekata roho. Kwa sababu hiyo zimetengenezwa sanamu za kufanyia mazoezi. Jambo hili si geni duniani. Katika karne ya 18 mkunga wa Kifaransa, Bibi du Coudray, alizunguka majimbo ya Ufaransa akifundisha ukunga kwa sanamu ya nguo, kwa idhini ya mfalme. Mwaka 1960 Åsmund Laerdal wa Norway, aliyekuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, alitoa sanamu ya mtu mzima ya kujifunzia kupulizia pumzi. Siku hizi iko sanamu ya mtoto mchanga inayojazwa maji ili iwe na uzito wa mtoto. Kifua chake hakiinuki mpaka barakoa ikae sawasawa usoni.

Hata hivyo, kuwa na sanamu hakutoshi. Ushahidi uko katika nchi jirani ya Tanzania. Mwaka 2010, katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga na wauguzi walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto kupumua. Walipopimwa mbele ya sanamu walifanya vizuri zaidi kuliko awali. Lakini walipoangaliwa wodini, mbele ya watoto wenyewe, utendaji wao ulikuwa haujabadilika. Cheti kilipatikana, mkono ukabaki vile vile.

Ndipo mwaka 2011 utaratibu ukageuzwa. Badala ya kozi moja na kuagana, sanamu iliwekwa pale pale penye kazi, na wahudumu wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache mara kwa mara, tena kila mmoja kwa zamu yake. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango uliotokana na mafunzo hayo ulipelekwa baadaye katika vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2025. Hesabu ya watoto waliofariki wakati wa uchungu pamoja na wale waliofariki siku ya kwanza ilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Askari hahitaji kuelezwa sana maana ya habari hii. Kuruta hapewi bunduki leo akapelekwa mstari wa mbele kesho. Huifungua na kuiunga mchana, akairudia gizani, akafyatua risasi baridi kabla ya risasi za moto. Wala hakuna kamanda mwenye akili asemaye kwamba askari aliyelenga shabaha mwaka jana hahitaji kulenga tena mwaka huu. Kinachomwokoa mtu katika saa ya hofu ni kile ambacho mkono umekizoea.

Basi kanuni ile ile inampasa muuguzi wa kambi, mganga wa kikosi na mkunga wa kituo cha kando ya ziwa. Haidai majumba makubwa wala fedha nyingi. Yadai sanamu moja, meza, dakika chache za kila juma, na mkuu wa kituo asiyekubali zoezi liahirishwe kwa kisingizio cha kazi nyingi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Aliyeko katika madaraka ya afya, jeshini au uraiani, na aulize leo: sanamu iko wapi, na mara ya mwisho ilishikwa lini? Ikiwa imefungiwa kabatini, na itolewe kabla mvua haijaifunga barabara tena.