Chakula Kwanza, Vidonge kwa Wenye Haja



Wako watu wazima wenye afya njema wanaotoa sehemu ya mshahara kununua vidonge vya vitamini, ilhali watoto wao wanashinda kwa ugali na michembe myeupe. Mazoea hayo hayana budi kupigwa vita.

Unga wa mahindi meupe hauna vitamini A. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, mchicha na majani ya kunde vinayo, na karanga au mafuta kidogo huusaidia mwili kuipokea. Dagaa wa Ziwa Victoria, akiliwa mzima, hujenga misuli na mifupa.

Hata hivyo, wako ambao mahitaji yao hupita kiasi cha sahani. Mama mjamzito huhitaji vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Kinga hiyo hutolewa na vituo vya afya, na kuipuuza ni kumdhulumu mtoto.

Basi kila shule na ilime bustani, na fedha ya chupa ya vidonge irudi jikoni.