Kumuuguza Mtoto ni Ibada

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa watoto wakawa pambo la nyumba zetu na mtihani wa nyoyo zetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani: tunakuusieni, na tunajiusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tutasema juu ya ibada inayofanyika usiku, mbali na macho ya watu, katika wodi za watoto za Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni. Nayo ni ibada ya mzazi anayemuuguza mtoto wake mchanga.

Jambo hili tunalijua kwa kuwa limetufika. Ulikuwa msimu wa karafuu, nasi tulikuwa kambini. Nyuma yetu mtoto wetu wa miezi minane akaanza kuharisha na kutapika. Mama yake alitaka kumpeleka hospitali, akaambiwa asubiri mpaka baba arudi atoe ruhusa. Akasubiri siku mbili. Tulipofika tulimkuta mtoto macho yamezama, kinywa kimekauka, analia bila ya machozi. Lau siku mbili zile zingekuwa zinauzwa, tungezinunua kwa mavuno yote ya mwaka ule.

Hospitali, muuguzi hakutulaumu. Alichanganya paketi ya dawa ya chumvi na sukari katika lita moja ya maji safi, akampa mama kikombe na kijiko. Akasema: mnyweshe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika kumi, kisha endelea taratibu, wala usimnyime ziwa. Akaongeza vidonge vya zinki, ambavyo tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameshauri mtoto anayeharisha apewe kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekwisha. Ama mtoto aliyelegea hata hawezi kunywa, huyo hutiwa maji kwenye mshipa, na kila saa inayopita ni hatari kwake.

Usiku tatu mama yule alikaa kitako, kijiko mkononi. Kitanda cha pili alikuwako mtoto aliyecheleweshwa zaidi kuliko wetu. Usiku wa tatu Mola wake alimchukua. Mama yake alikunja kanga zake kimya kimya, na wodi nzima ikalia pamoja naye. Mwenyezi Mungu amjaalie subira.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Mama wa mtoto wetu alishikwa na homa akalala, hapakuwa na mwengine, nasi tukakishika kijiko. Adhana ikasikika. Nafsi ikatusuta: watu wanakwenda msikitini, nawe umekaa? Ndipo tukakumbuka waliyotufundisha masheikh wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi: mwenye kumuuguza mgonjwa asiye na mtu mwengine wa kumwangalia ana udhuru wa kutohudhuria Ijumaa, naye ataswali adhuhuri.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akisimama kuswalisha, nia yake ni kuirefusha swala, akisikia mtoto analia, huifupisha, kwa kujua uchungu unaompata mama yake. Basi zingatieni, ndugu zangu. Ikiwa swala, nayo ni nguzo ya dini, ilifupishwa kwa ajili ya moyo wa mama, seuze uchumaji wa karafuu? Seuze heshima ya mume anayetaka kuombwa ruhusa?

Mkumbukeni pia Bibi Hajar. Mwanawe Ismail aliposhikwa na kiu jangwani, hakukaa akasema yaliyoandikwa yameandikwa. Alimtegemea Mola wake, na huku akikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba. Mwenyezi Mungu akamtolea Zamzam, na mahujaji wanaufuata mwendo wake hadi leo. Kutawakali ndiko huko: moyo kwa Mola, na miguu njiani.

Enyi waume, kabla hamjakwenda kambini au dago, acheni ruhusa nyumbani, na nauli pamoja nayo. Enyi mababu na mabibi, msimzuie mama anapoona alama tulizozitaja. Enyi majirani, aliyeko wodini ameacha watoto wengine nyumbani: walisheni, na mpelekeeni mama uji wa moto. Nanyi wanafunzi, jifunzeni kuichanganya dawa ile, mpate kuwafaa wazee wenu.

Mtoto wetu alipona kwa rehema ya Mola wake. Hatukuwa bora kuliko yule aliyeondoka mikono mitupu. Tulipewa muda, na muda huo tuna deni nao.

Ewe Mola, waponye watoto wetu walio wagonjwa, wape nguvu wanaowauguza, wafariji waliofiwa, na utusamehe kuchelewa kwetu. Amin.