NYUMBA YA MCHUNGAJI HUJENGWA NA NANI?

Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa kanisa siku ya Yubilii



Katika Yubilii hii tumeazimia kutengeneza nyumba za wachungaji na walimu wetu. Wako wanaouliza, "Je, nyumba hizo zatuhusu nini sisi?" Nimeona vema niwajibu kwa habari za nyumba moja iliyo mbali, katika kisiwa cha Iona, upande wa magharibi wa Uskoti, mahali alipofika Columba mwaka 563 akitoka Ireland.

Zamani katika Uskoti sheria iliwapasa wenye ardhi kumjengea mchungaji nyumba. Walakini huko milimani na visiwani mitaa ilikuwa mikubwa mno, na wengi walikaa mbali na kanisa. Basi mwaka 1823 Bunge la Uingereza likaamuru makanisa mapya yajengwe, likatoa paundi 50,000. Kazi akapewa Thomas Telford, fundi mashuhuri wa barabara na madaraja. Gharama ya kanisa na nyumba pamoja haikuruhusiwa kupita paundi 1,500. Kwa hiyo ramani za nyumba zikawa mbili tu, moja isiyo na ghorofa na moja yenye ghorofa, bila mapambo. Iona ikapata kanisa na nyumba yake mwaka 1828.

Nyumba zile zilikuwa imara, lakini waumini hawakuwa na amri juu yake. Tena tangu mwaka 1712 sheria ilimpa mwenye ardhi haki ya kumteua mchungaji, hata kama watu hawamtaki. Ugomvi ukazidi, hata Mei 1843 wachungaji zaidi ya 450 wakatoka, wakaunda Kanisa Huru. Aliyetoka aliacha mshahara, aliacha kanisa, akawatoa mke na watoto katika nyumba waliyoizoea. Wengine wakahamia vibandani.

Ndipo mchungaji Thomas Guthrie akazunguka nchi akiomba michango ya nyumba. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi, 1845 hadi 1846, watu wakaahidi zaidi ya paundi 116,000, matajiri na maskini pamoja. Haba na haba hujaza kibaba. Iona nako Kanisa Huru likajenga nyumba yake.

Leo nyumba ile ya Telford haikai mchungaji tena. Ndimo zinamohifadhiwa habari za kale za kisiwa. Nyumba ya Kanisa Huru nayo imekuwa hoteli. 

Ndugu zangu, kuta hubadili kazi, na wenyeji wake hupita. Walakini anayempa mchungaji paa hutaka pia kuyatawala maneno ya kinywa chake. Tukiwaachia wengine kujenga, tusishangae wakituchagulia na wa kutuongoza. Basi kila mtu alete alicho nacho, jiwe, mti, au siku moja ya kazi, ili mwalimu wetu alale chini ya paa la watu wake, aseme kweli bila hofu.

Mungu aibariki kazi ya mikono yetu. Amina.