Laptopu Nayo Iandikishwe Uanachama

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya Meru na Embu)

Hatukuja kusifu mashine. Tumekuja kuwaeleza aibu iliyotupata, na vile tulivyoirekebisha.

Kikundi chetu kilikuwa na laptopu mbili, moja kwa mweka hazina, nyingine kwa katibu. Kila moja ilikuwa na daftari lake la mikopo. Siku moja mama mmoja, mwanachama wetu, aliomba mkopo wa karo. Mweka hazina akafungua laptopu yake, akasema: "Mama, bado una deni la shilingi 6,000." Mama akasema amelipa. Tukamnyima mkopo mbele ya watu. Baada ya wiki mbili akaleta risiti. Kumbe malipo yake yalikuwa kwa laptopu ya katibu! Hakuna aliyeiba. Lakini mtoto alikuwa ameshafukuzwa shuleni.

Ndipo tukaweka seva nyumbani kwa mwenyekiti. Seva ni kompyuta inayotunza daftari moja la wote. Domeni ni kama orodha ya wanachama: seva inajua ni laptopu gani na watu gani wameruhusiwa. Si mnajua kiwanda cha kahawa? Bila namba ya mwanachama, kahawa yako haipimwi. Laptopu ni vivyo hivyo. Programu tunayotumia kwa seva inaitwa Samba. Hailipiwi, na inaweza kusimamia domeni.

Sasa sikilizeni hatua zenyewe.

Kwanza, kabla ya kununua laptopu, ulizeni ina Windows ya aina gani. Ile ya Home haikubali kuingia domeni. Ile ya Pro inakubali. Sisi tulinunua kwanza, tukauliza baadaye. Msifanye hivyo.

Pili, iunganisheni na rauta moja na seva, kwa waya au kwa waifai.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama: laptopu huuliza njia kabla ya kwenda popote. Mpangilio huo huitwa DNS. Ikiuliza kampuni ya intaneti, itaambiwa domeni yenu haijulikani. Andikeni hapo anwani ya seva yenu.

Nne, angalieni saa. Kwa kawaida, saa ya laptopu na ya seva zikipishana zaidi ya dakika 5, mtakataliwa. Laptopu kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka ya nyuma kila ikizimwa.

Tano, katika mipangilio ya Windows, andikeni jina la domeni, kisha jina na neno la siri la msimamizi. Izimeni na kuiwasha tena. Kila mtu aingie kwa jina lake mwenyewe. Mkiona hakuna faili zenu za zamani, msishtuke. Hazijapotea, ziko chini ya jina lile la kwanza.

Watu hutuuliza, je, mtu akienda nayo nyumbani? Akiwa ameshaingia mara moja karibu na seva, laptopu itamkumbuka na kumfungulia. Lakini daftari lililo kwa seva hataliona mpaka arudi.

Tunawaonya mambo matatu. Neno la siri lisiazimwe, hata kwa mke au mume, maana jina lako ndilo sahihi yako. Viongozi wakibadilishwa, majina ya wale wa zamani yafungwe siku hiyo hiyo. Na kila wiki nakala ya daftari itolewe na kuwekwa nyumba nyingine, kwa sababu stima hupotea na mashine hufa.

Kama kikundi chenu kina kompyuta moja tu, msijisumbue na domeni. Daftari moja na nakala yake inatosha. Pesa hiyo nunueni mbuzi.

Yule mama tulimwomba msamaha mbele ya wale wale waliosikia akiitwa mdaiwa. Leo akiuliza deni lake, anajibiwa jambo moja, haidhuru ni nani aliyefungua laptopu.

Mkirudi nyumbani, jadilianeni: daftari la kikundi chetu liko wapi usiku huu, na ni nani anaweza kulibadilisha bila sisi kujua?