Serikali Ikitangaza Tiba ya Bure, Nani Anunue Pamba?

Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na wanamageuzi wa Kitale na Bungoma



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni dhima ya serikali. Hatukuja kuomba msaada wala kulia hali. Tumekuja kuuliza: mwananchi anapofika katika hospitali ya umma asikute kitanda, wala dawa, wala mtu wa kumhudumia, ni nani apaswaye kujibu, na ajibu mbele ya nani?

Swali hili lina jibu, na jibu lenyewe lilitolewa mjini Bungoma.

Tarehe 1 Juni 2013, katika sherehe za Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba akina mama wote watajifungua bila malipo katika hospitali za umma. Makofi yakapigwa. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Agosti, mama mmoja alifika katika hospitali ya wilaya ya Bungoma akiwa na uchungu. Ilimlazimu kulipia pamba na dawa ya kuanzisha uchungu. Saa yake ilipofika alijikokota peke yake hadi chumba cha kujifungulia, akakuta vitanda vimejaa. Akiwa njiani kurudi wodini alianguka, akazirai, akajifungulia sakafuni. Alizinduliwa na vibao vya wauguzi waliokuwa wakimfokea kwa kuchafua sakafu. Kisha wakamwamuru ainuke, arudi kwa miguu yake chumbani kutoa kondo la nyuma. Mtu fulani alikuwa amechukua picha kwa simu, na picha hizo zikaonwa nchi nzima. Jina la mama huyo hatutalitaja. Amekwisha kutazamwa na watu wengi kuliko alivyopenda.

Mama huyo hakunyamaza. Mwaka 2014 alifikisha malalamiko yake katika Mahakama Kuu ya Bungoma, na tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni akatoa hukumu. Alisema kwamba haki ya mama huyo ya kupata huduma ya afya, pamoja na heshima yake kama binadamu, vilivunjwa. Akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5, na aombwe radhi rasmi. Lakini kuna sehemu ya hukumu hiyo ambayo magazeti hayakuishughulikia sana, nasi tungependa muibebe hadi nyumbani. Mahakama haikukomea kwa wauguzi. Ilisema kuwa serikali ya taifa na serikali ya kaunti zilishindwa kutekeleza na kusimamia huduma ya uzazi waliyoitangaza wenyewe, na hazikuitengea fedha ipasavyo.

Ndugu zangu, ni rahisi kumlaani muuguzi. Mkono wake tuliuona. Wala hatumtetei, kwa maana hakuna uchovu unaohalalisha kumpiga kofi mzazi aliyelala chini. Hata hivyo, tuulize ni nani aliyewaalika akina mama wote wa nchi waje hospitalini, asiongeze kitanda wala muuguzi wala pamba. Mwenye karamu akialika kijiji kizima ilhali amepika sufuria moja, hatumlaumu mpakuzi peke yake.

Tena tazameni tarehe. Mama alijifungua tarehe 8 Agosti 2013. Tarehe 9 Agosti 2013 ndiyo tarehe ya tangazo la kisheria lililokabidhi kazi za afya kwa kaunti. Mtoto yule alizaliwa chini ya serikali moja, kesho yake akawa chini ya nyingine. Tangu hapo tumezoea mchezo wa kurushiana mpira. Nairobi ikiulizwa husema afya imegatuliwa, kawaulizeni magavana. Magavana wakiulizwa husema Hazina Kuu imechelewesha fedha. Mkataba wa madaktari wa mwaka 2013 ni ushahidi wa kutosha. Ulitiwa sahihi na serikali ya taifa, na ulipofika wakati wa kuutimiza, kaunti zikasema hazikuwapo wakati wa kusaini. Matokeo yake ni kwamba kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari waligoma kwa siku 100. Viongozi wa chama chao walitiwa gerezani. Wauguzi nao wakagoma tangu Juni hadi Novemba mwaka huo huo wa 2017. Wagonjwa wa Trans Nzoia na Bungoma hawakuwa wamesaini karatasi yoyote, lakini wao ndio waliolipa.

Kwa hiyo hukumu ya Bungoma ni nguzo yetu. Imefunga mlango wa kisingizio hicho. Serikali zote mbili ziliwajibishwa pamoja, na hakuna aliyeruhusiwa kujificha nyuma ya mwenzake.

Wazee wetu walio hapa wanakumbuka kwamba mambo haya hayakuanza na ugatuzi. Mwaka 1965 serikali ya Uhuru iliondoa ada za matibabu ya wagonjwa wasiolazwa, kwa kuwa maradhi yalihesabiwa miongoni mwa maadui watatu wa taifa, pamoja na umaskini na ujinga. Mwaka 1970 kazi ya afya ikanyang'anywa mabaraza ya wilaya, ikapelekwa Nairobi. Desemba 1989, kwa shinikizo la wakopeshaji wa ng'ambo, ukaletwa mfumo wa kuchangia gharama. Katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, idadi ya wanaume waliofika kila mwezi ilishuka hadi takriban asilimia 40 ya ile ya awali mara ada ilipoanza kutozwa. Watu hawakupona ghafla. Walibaki nyumbani na ugonjwa wao. Ada ile ilisimamishwa mwaka 1990, kisha ikarudishwa polepole. Haikuwa imejadiliwa na mwananchi yeyote, kwa sababu wakati ule Bunge lilikuwa la chama kimoja. Hata baada ya kufutwa kwa Kifungu cha 2A mnamo Desemba 1991, madaktari waliogoma mwaka 1994 wakidai chama chao kisajiliwe walikataliwa. Kilisajiliwa mwaka 2011. Tunayakumbusha haya kwa sababu wapo wanaosema siasa ya vyama vingi haihusiani na zahanati. Basi na watuambie ni nani angethubutu kuishtaki serikali mahakamani Bungoma kwa ajili ya mzazi maskini katika miaka ile.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndipo unafiki unapojitokeza. Mwaka 2015 nchi nzima iliduwaa iliposikia kwamba Kaunti ya Bungoma imenunua wilbaro 10 kwa zaidi ya shilingi milioni moja, yaani zaidi ya shilingi 100,000 kwa kila moja. Wilbaro hizo hazikununuliwa kwa fungu la afya, na tusimsingizie mtu. Lakini mfuko wa kaunti ni ule ule mmoja. Mahali ambapo wilbaro hununuliwa kwa bei ya ng'ombe wawili, hatuwezi kukubali jibu la kwamba fedha za pamba hazikuwepo.

Na sisi wa Kitale tusijione wema kuliko jirani. Mjini mwetu kuna hospitali ya rufaa iliyopewa jina la marehemu Michael Kijana Wamalwa, mbunge wa Saboti na mwenyekiti wa FORD-Kenya, aliyefariki akiwa Makamu wa Rais hospitalini London tarehe 23 Agosti 2003. Jengo hilo lilikaa miaka mingi bila kukamilika, huku wagonjwa kutoka Trans Nzoia, Pokot Magharibi na miteremko ya Mlima Elgon wakisongamana katika hospitali kuukuu. Kumpa kiongozi heshima ya jina ni rahisi. Kumlipa mjenzi kwa wakati, kununua mitambo na kuajiri wauguzi ndiyo kazi tuliyowachagua waifanye.

Tungependa kusema neno na makanisa, nanyi mtuvumilie. Tangu Wakweka walipofika Kaimosi mwaka 1902, dini imetangulia serikali katika tiba kwenye eneo hili. Lugulu ya Marafiki na Misikhu ya Wakatoliki zimeokoa maisha ambayo hakuna ajuaye hesabu yake. Lakini wema huo umegeuzwa kuwa mto wa kulalia. Wodi ya umma ikikosa oksijeni, mgonjwa huambiwa aende misheni, na aliyetakiwa kununua oksijeni haulizwi tena. Harambee za matibabu tunazofanya kila Jumapili ni tendo la huruma, na tuendelee nazo. Ila kila tunapochanga, tuulize pia kwa nini tunachanga. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Haki hailipwi kwa sadaka.

Tufanye nini basi? Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuiandikia ofisi ya umma, kwa Kiswahili kama apendavyo, bila kutozwa ada ya ombi, naye ajibiwe katika siku 21. Habari inayohusu uhai wa mtu yapaswa kutolewa kwa saa 48. Asiyejua kuandika ana haki ya kusema na afisa aandike kwa niaba yake. Wasipojibu, twende kwa Ombudsman. Tena sheria iliyotiwa sahihi mwezi Oktoba 2023 inaagiza kwamba fedha zinazokusanywa na hospitali zibaki hospitalini kuiboresha. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza kila robo ya mwaka zimekusanywa ngapi na zimenunua nini. Wengi wetu hulalamika kwenye matatu, kisha hatuonekani siku ya kujadili bajeti ya kaunti. Mikutano hiyo hutangazwa kwa haraka na kufanywa siku ya soko, tunajua. Tuhudhurie hivyo hivyo.

Tunapendekeza kila usharika na kila parokia iteue watu watatu, mmoja wao awe mama aliyejifungua karibuni, na barua ya kwanza ipelekwe kwa Waziri wa Afya wa kaunti kabla ya mwezi huu kwisha. Iwe fupi. Vitanda vya kujifungulia katika hospitali ya rufaa ni vingapi, na usiku huwa na wauguzi wangapi? Ni dawa zipi zilikosekana katika miezi mitatu iliyopita, na kwa siku ngapi? Je, kuna mama yeyote aliyeagizwa kununua pamba, na kama yupo, amerudishiwa fedha zake? Nakala ipelekwe kwa Spika wa Bunge la Kaunti, nyingine ibandikwe kwenye mlango wa kanisa, na tarehe ya kupokelewa iandikwe juu yake kwa wino, ili siku 21 zihesabiwe na kila apitaye.