Viti Vinane na Saa Moja ya Jioni



Tumetakiwa tuseme habari za amri za usafiri wakati wa korona. Sisi watu wa reli twazikumbuka sana.

Mwezi wa Machi 2020 matatu ya viti 14 iliamriwa ichukue abiria 8 tu, na treni sitini kwa mia. Amri hiyo ilikuwa na maana, kwa kuwa ugonjwa ule hupita kwa pumzi. Lakini tarehe 27 Machi ikaanza amri ya pili: saa moja ya jioni kila mtu awe nyumbani kwake. Basi hesabuni, ndugu zangu. Viti vimepunguzwa karibu nusu, saa zimepunguzwa, watu ni wale wale, na wengi wetu tulifunguliwa kazini saa zile zile za zamani. Nafasi iliyopatikana garini ikapotea kituoni. Watu walibanana wakingoja gari ambalo ndani yake ni marufuku kubanana!

Nauli nayo ikapanda. Kiti kitupu kililipwa na yule aliyekaa kando yake.

Ijumaa ile ya kwanza, pale kivukoni Likoni, watu waliotaka kuvuka kabla ya saa moja walipigwa virungu na askari, wakatupiwa na moshi wa machozi. Mtu wa Likoni angepita wapi? Kisiwa ni kisiwa. Aliyekimbia moshi alimwangukia mwenziwe, na hapo hapana tena habari ya kuachana mita moja.

Kisha tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, kwanza siku 15, halafu mpaka Juni. Wenzetu wa Kibokoni waliambiwa na serikali wakae. Mwenye kazi mmoja akawaambia asiyefika hana mshahara. Watii amri ya nani? Na treni za abiria zilikwisha simama tangu Aprili, lakini za mizigo ziliendelea, na zamu ya usiku haijui kafyu.

Tunalotaka liandikwe katika mapatano yetu ni hili: siku serikali itakapofunga njia kwa saa, saa ya kufungua kazi nayo irudishwe nyuma kwa mshahara ule ule, na aliyefungiwa mtaani asikatwe. Katibu atakisoma kifungu hicho katika mkutano ujao. Mwenye neno la kuongeza na alilete limeandikwa kabla ya hapo.